Maoni Yenu Tumeyachukua

Asubuhi ya siku ya kikao Bi Swaumu alikuwa uani kwake, Mtaa wa Kibatari, Gerezani, anapara vibua waliotoka soko la Feri. Kuni zilishapangwa chini ya karai, mafuta ya jana yalishachujwa, na paka wa jirani alishatukanwa kwa mara ya kwanza. Wakaingia wanaume wawili waliovaa vizibao vya kung'aa. Walipofika katikati ya ua ndipo wakabisha hodi.

Mmoja alikuwa na kopo la rangi ya njano, mwenzake alikuwa na kamba. Walivuta kamba kutoka mlango wa choo hadi ukuta wa mbele, wakaanza kupiga mstari. Mstari ulipofika penye mguu wa Bi Swaumu aliombwa ainue mguu. Akainua, mstari ukapita. Ulipofika kwenye mafiga ukapita katikati ya mafiga.

"Wanangu, mnanichorea nini?"

"Bomba litakapopita, mama."

"La maji?"

"La gesi."

Bi Swaumu aliutazama mstari, akazitazama kuni.

"Litapita chini ya moto wangu," alisema.

"Ndiyo maana jioni kuna kikao," alisema mwenye kopo. "Utatoa maoni."

Hilo halikumtisha. Bi Swaumu alikuwa na mdomo uliojulikana mpaka Mchikichini, ambako wauza mitumba walimpunguzia bei kabla hajafika ili asianze. Mama yake alikaanga samaki kwenye ua huohuo, na moto wa mama ndio ulioijenga nyumba ile, chumba baada ya chumba, mpaka ikapata fremu ya mbele ya kupangisha. Fremu hiyo alipanga Hillary, muuza vipuri kutoka Machame, ambaye mtaa mzima ulimwita Mangi. Bi Swaumu na Mangi walitaniana kila siku ya Mungu, na siku wasipotaniana majirani waliuliza nani kafiwa.

Kikao kilifanyika chini ya turubai, pembeni ya ofisi ya mtaa. Viti vya plastiki vilikuwepo, na kreti za soda zilikuwepo, zimekaa mahali ambapo kila mtu aliziona. Afisa aliyekuja aliitwa Tarsis, kijana mpole kutoka kampuni ya washauri wa mazingira, shati limenyooka mpaka unaona huruma kukaa naye karibu. Mezani mbele yake aliweka mtungi wa kijivu, mkubwa kama ule wa gesi ya kupikia. Mpira mwembamba ulitoka kwenye kipaza sauti ukaingia kwenye mdomo wa mtungi. Hakuna aliyeuliza. Vikao vya siku hizi vina mitambo mingi.

"Bomba hoyee," alisema Tarsis.

"Hoyee," watu waliitikia.

Isieleweke vibaya. Mtu wa Dar ukimwambia neno lolote ukamalizia na hoyee, ataitikia hata akiwa kwenye kiti cha daktari wa meno. Ni ugonjwa, tumezaliwa nao, na hauna chanjo.

Tarsis alieleza faida za bomba, akasema sheria inataka wananchi wasikilizwe kabla kazi haijaanza, basi anakaribisha maoni. Twaha, fundi wa kuchomelea mageti, alisimama akasema cheche za kazi yake zinaruka hadi barabarani na hazijui kusoma alama. Wakasema wengine watatu wanne. Kisha Bi Swaumu akashika kipaza sauti.

"Baba, mimi nakaanga samaki. Uani kwangu moto umewaka toka mama yangu yuko hai, na wanaokula hapo ni mafundi wa Gerezani yote. Nyie mnaleta gesi mnaipitisha chini ya karai. Mtu na akili zake haweki dumu la petroli uvunguni halafu akapanda kitandani na sigara. Hapo ng'ambo kuna uwanja wa reli, hauna mtu, una mabehewa mabovu na paka, na paka wenyewe hawakaangi kitu. Lipite upande wa reli."

Watu walicheka, wakapiga makofi, mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Mshale wa kipimo kilichokuwa shingoni mwa mtungi ulipanda taratibu, ukakaa.

Mangi Hillary alikuwa amekaa nyuma. Mkono wake ulipanda hadi usawa wa sikio, ukasita, ukaenda kukuna kichwa.

"Mangi," Twaha alimgeukia, "una maoni au una chawa?"

"Chawa," alisema Mangi.

Tarsis alifunga kikao kwa maneno ambayo kila mtu pale alishawahi kuyasikia, kwenye barabara, kwenye soko, kwenye mtaro. "Asanteni sana. Maoni yenu tumeyachukua. Yatafika panapohusika." Akaufunga mtungi kwa spana. Alikuja ameubeba kwa mkono mmoja. Kuondoka ulibebwa na wanaume wawili, na walipofika getini waliutua wakapumzika.

Soda zilikuwa za baridi, hilo lazima lisemwe.

Kesho yake asubuhi Bi Swaumu alitaka kumsimulia kikao muuza mkaa ambaye hakuhudhuria. Alisema, "Jana nikamwambia yule kijana, hilo," na hapo sauti ikakata. Mdomo ulikuwa wazi, ulimi ulikuwa unafanya kazi, ila kilichotoka ni upepo, kama koki siku ya mgao. Akafunga mdomo, akaanza upya. Upepo. Akajaribu kusema bei ya vibua, ikatoka. Akajaribu kumsema mama mkwe wa Mangi, akatoka vizuri kabisa, na la ziada. Alipojaribu kurudi kwenye mstari wa njano, upepo.

Kwa Twaha ilikuwa vilevile. Kwa wale wengine waliosema ilikuwa vilevile. Waliokaa kimya kikaoni walikuwa wazima. Mtaa ulilijadili jambo hilo kwenye kahawa na kukubaliana kwamba lina mantiki. Yule kijana alisema ameyachukua, na kweli ameyachukua. Kosa lilikuwa la kwao, miaka yote hiyo kudhani kwamba lile neno ni namna tu ya kuaga.

Tarsis alikuwa bado anazungukazunguka Gerezani, anachukua udongo kwenye vichupa. Mchana alikuja uani kula, kwa sababu samaki wa Bi Swaumu hawana mpinzani. Bi Swaumu alimwekea changu na chipsi mbele yake, akasimama.

"Nirudishie," alisema.

"Nikurudishie nini, mama?"

Bi Swaumu alinyoosha kijiti cha kugeuzia samaki, akaonyesha mstari.

"Aa, maoni. Hayo yameshachukuliwa, mama."

"Najua. Ndiyo nayataka."

"Ukishatoa umetoa." Tarsis alisema kwa upole, anachambua mwiba. "Kila anayetoa angebaki nayo, sisi tungekuwa tumechukua nini? Ila nikuambie ukweli, ya kwako yalikuwa mazuri. Ndiyo yaliyokuwa mazito kupita yote."

Bi Swaumu alitafuta tusi, na matusi anayo, lakini kila tusi aliloliwaza lilikuwa limeshikana na bomba, likakataa kutoka. Akamsogezea ndimu.

Jioni alikwenda fremu ya mbele. Mangi alikuwa anapanga beringi kwa ukubwa.

"Mangi, ya kwako unayo."

"Ya kwangu nini?"

"Usinifanye mtoto. Niliuona mkono wako unapanda unashuka kama bei ya nyanya."

"Bi Swaumu, mimi mfanyabiashara. Sina maoni, nina beringi na plagi."

Bi Swaumu alimwonyesha kwa kidole ukuta wa fremu, kisha uani, hatua chache tu hadi kwenye mstari. "Hizo plagi wataziokota Buguruni."

"Na nikisema, kesho watakuja kuniuliza leseni."

"Leseni huna?"

"Ninayo."

"Sasa?"

"Ndiyo hiyo watakayoiuliza."

Bi Swaumu alikaa kwenye kopo la grisi lililogeuzwa, bila kukaribishwa. Hakutania tena, na hapo Mangi akaacha kupanga beringi. Mwanamke aliyewahi kumnyamazisha dalali wa nyumba kwa sentensi moja alikuwa amekaa mbele yake anafungua mdomo na kufunga, anafungua na kufunga. Mwishowe akachukua kiberiti mezani, akakiweka sakafuni. Juu yake akaweka kifuniko cha chujio: chini bomba, juu karai. Akamtazama Mangi. Kisha akakichukua kiberiti, akainuka, akavuka nacho barabara, akakiweka upande wa pili, kwenye ukuta wa reli. Akarudi.

"Nimeelewa," alisema Mangi. "Nilielewa toka jana."

"Kuna kikao kingine."

"Kipo. Cha mrejesho." Alifuta mikono kwa tambara muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Nitasema. Ila siku wakija kwa leseni, utakuwa umepoteza mpangaji."

"Nitapata mwingine anayeoga," alisema Bi Swaumu, na Mangi akacheka, kwa sababu angalau hilo bado analo.

Kikao cha mrejesho kilikuwa chini ya turubai lilelile. Tarsis alikuja na kitabu kinene cha ripoti, picha ya mti kwenye jalada. Mtungi hakuja nao. Alisoma kwamba wananchi wa Kibatari waliupokea mradi kwa hoyee. Alisoma kwamba maoni yao yalikuwa mazito, akataja na kilo zake. Alisoma kwamba baada ya maoni hayo kuchukuliwa, haikuonekana sababu ya kubadili njia ya bomba, kwa kuwa eneo la reli lina mabehewa, na kuyahamisha mabehewa kungeathiri mazingira.

Mangi Hillary akasimama. Hakungoja kipaza sauti. Alianza na sauti ndogo, kisha ikapanda, na watu waliomjua kama mtu wa kusema "imeisha" na "njoo kesho" wakamsikia akisema yote: moto wa Bi Swaumu, cheche za Twaha, watu wanaolala vyumba vya nyuma na mlango mmoja wa kutokea, uwanja wa reli ulio mtupu mbele ya macho ya kila mwenye macho. Alisema vizuri. Bi Swaumu alikuwa anatingisha kichwa kila sentensi, kama mtu anayesikia barua yake ikisomwa.

Alipomaliza, Tarsis alimshukuru.

"Kaka, umeongea vizuri mno. Tatizo leo hatuchukui. Leo tunaleta mrejesho. Dirisha la kuchukua lilishafungwa."

"Lakini si umeyasikia?"

"Nimeyasikia."

"Basi."

"Kusikia si kazi yangu, kaka. Kazi yangu ni kuchukua. Maoni ambayo hayakuchukuliwa hayana pa kuwekwa, na kitu ambacho hakina pa kuwekwa, kitaalamu, hakipo."

Mangi alibaki amesimama. Alijaribu kusema tena sentensi ya mwisho, ile ya reli, kuona kama bado anayo. Alikuwa nayo yote.

"Bomba hoyee," alisema Tarsis, anakusanya vitu vyake.

"Hoyee," waliitikia watu. Twaha aliitikia. Bi Swaumu naye aliitikia, neno limeshamtoka ndipo akajishika mdomo kwa kiganja. Kati ya yote aliyokuwa nayo kuhusu lile bomba, hilo ndilo pekee ambalo hakuna aliyelichukua.

Kazi ilienda haraka. Kwa mambo yetu mengine tunangoja, mtaro wa Kibatari unangojwa toka wengine hatujaanza darasa la kwanza, lakini bomba lilipita kama lina mgonjwa. Ua ulichimbwa, bomba likalazwa kati ya mafiga, udongo ukarudishwa na saruji ikapigwa juu, laini kuliko iliyokuwepo. Watu wa Kibatari waliuliza kama na wao wataunganishwa. Waliambiwa kwao ni mapito.

Gesi ilipofunguliwa, Najma akapiga simu. Najma ni binti wa Bi Swaumu, na alikuwa anapika kwenye nyumba moja ya ghorofa Upanga.

"Shikamoo mama. Leo nimewasha jiko, umesema."

"Marahaba. Nimesema nini?"

"Lile la reli. Lote, na la petroli uvunguni. Mpaka makofi ya watu yametoka."

Bi Swaumu alifikiri kidogo. "Nasikika vizuri?"

"Jiko kubwa unasikika mpaka barazani. Twaha yuko jiko dogo."

Wataalamu walieleza baadaye, kwenye redio, kwamba gesi asilia ikitoka ardhini haina harufu, hutiwa harufu ili ikivuja watu wajue. Hii ya njia ya Kibatari ilitiwa kilichokuwepo kwenye mitungi. Haina madhara kwa chakula. Kampuni ya washauri ilitoa taarifa fupi kukumbusha kwamba iliahidi maoni yatafika panapohusika, na yamefika.

Kule Upanga walizoea kwa wiki moja. Walisema gesi ile haichafui sufuria. Mwajiri wa Najma alikuwa mama mstaarabu, hakuwa na ubaya na mtu, ila alikuwa na presha, na alipokuwa sebuleni anatazama tamthilia yake alimwita Najma jikoni. "Mwanangu, punguza moto, huyo mama ananipigia kelele." Najma alipunguza. Moto ukiwa mdogo maneno hayashikiki, unasikia mvumo tu, kama watu wanaobishana nyumba ya pili. Kwa kukausha wali inafaa sana.

Najma hakuwahi kumwambia kwamba sauti ile ni ya mama yake mzazi. Angeulizwa kwa nini hamnyamazishi.

Kisha wakaja wakaguzi. Walibisha hodi wakiwa katikati ya ua, na mmoja wao alikuwa Tarsis. Safari hii hakuja kula. Walikuwa na kibao cha bati chenye fuvu, wakakipigilia misumari kwenye ukuta wa Bi Swaumu, juu ya mafiga. HATARI. BOMBA LA GESI LIMEPITA HAPA. NI MARUFUKU KUWASHA MOTO.

Bi Swaumu alikisoma. Aliyajua maneno hayo. Yalikuwa yake, yamefupishwa tu na kupakwa rangi nyekundu.

"Mama, unakaanga juu ya bomba," alisema Tarsis, na usoni alionekana ameumia kwa dhati. "Hii ni hatari kubwa. Kwani ulikuwa hujui?"

Bi Swaumu alifungua mdomo. Upepo ukatoka, mwingi, mrefu, mpaka moto wa kuni ukalala upande. Wakaguzi walisubiri kwa adabu. Ulipokwisha, mmoja akamwambia mwenzake, "Unaona, hana la kusema," wakamwaga ndoo ya maji kwenye mafiga.

Moto ulikuwa haujahama pale toka wakati wa mama yake. Ulizimika kama moto mwingine wowote, kwa moshi na kelele kidogo.

Bi Swaumu alinunua karai jipya, akahama. Eneo lenye nafasi lilikuwa moja tu, na kila mtu wa Kibatari alilijua kabla hajatajiwa: ng'ambo ya barabara, ubavuni mwa ukuta wa reli, karibu na mabehewa mabovu. Bomba likapita uani, Bi Swaumu akapita upande wa reli. Anakaanga huko mpaka leo, bila kivuli, na mgambo wakija anabeba karai lenye mafuta ya moto anakimbia nalo, na siku moja atajimwagia, na siku hiyo itaandikwa kwamba ni uzembe. Mafundi wanaokula wamepungua. Chumba kimoja cha nyuma kimeuzwa. Mangi walikuja kumuuliza leseni, akawaonyesha, wakaichukua.

Karai la zamani, la mama, lilibaki uani, limegeuzwa kifudifudi juu ya saruji mpya, pale pale pa mafiga. Mchana mmoja mgambo walikuwa wametawala ng'ambo, Bi Swaumu akarudi ndani, akakaa juu yake. Akaona linatetemeka. Akashuka, akapiga magoti, akaweka sikio kwenye saruji, akakaa hivyo.

Mangi Hillary aliingia kutafuta maji ya kunawa. Sasa anauza vipuri juu ya turubai, kando ya njia, kwa hiyo mikono yake ni michafu zaidi na siku zake ni ndefu.

"Bi Swaumu, umeangusha hereni?"

Bi Swaumu alimpisha. Mangi akapiga magoti, akaweka sikio. Ilikuwa saa ya watu kupika, Upanga yote ina njaa, na chini kulikuwa kunapita watu. Alimsikia Twaha na cheche zake. Kisha ikaja sauti ya mwanamke, nzima, kali, inakwenda mbio bila kusimama.

"Anasema nini?" aliuliza Bi Swaumu.

Mangi alisikiliza mpaka mwisho, akainua kichwa, akasema kwa sauti, kwa sababu yeye bado anaweza. "Anasema lipite upande wa reli."

Bi Swaumu alitingisha kichwa. "Kasema vizuri?"

"Vizuri sana. Watu wanampigia makofi."

Wakarudisha masikio chini, mmoja huku mwingine kule. Sauti ilikuwa imeshafika kwenye paka wasiokaanga kitu, watu wa kikao wameanza kucheka, ghafla ikashuka, maneno yakasagika, ukabaki mvumo tu. Mangi akagonga saruji kwa kifundo cha kidole, akidhani imekwama.

"Haijakwama," alisema Bi Swaumu, akapangusa shavu. "Wali umekauka. Najma kapunguza moto."